Sufuria ya Mukamana

Mume wangu Eliezer alikuwa na mahubiri mamoja tu. Hata aanzie kwenye gharika ya Nuhu, atazunguka weee, atazunguka, mpaka afike kwa yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mti ili amwone Yesu, akashuka na kuwarudishia watu mali zao. Nilikuwa namtania, namwambia Baba Umutesi, iko siku utahubiri harusini, bwana harusi ainuke amrudishe bibi harusi kwao. Anacheka, anaendelea kusukuma cherehani yake. Lakini mahubiri hayo mamoja yaliwashika watu wa Gisenyi pabaya, maana mwaka ule wa tisini na tisa hapakuwa na nyumba isiyokuwa na kitu cha mwingine ndani yake.

Tulikuwa watatu: Eliezer fundi nguo, mimi Joanita, na binti yetu Umutesi, miaka kumi na minne. Kila Jumapili baada ya ibada tulikula upesi, tukatoka kwenda kuwahubiria watu majumbani, leo Nengo, kesho Nyakiriba, hata Nyamyumba kwa miguu. Kazi tuligawana. Umutesi anasoma neno, baba yake anahubiri, mimi naimba. Sauti ninayo, sijisifu. Hasira pia ninayo, nayo sijisifu. Watu walitusikia tangu kwenye kona, wanasema ile familia ya Kitanzania inakuja, ficheni masufuria.

Watanzania hatukuwa. Mama yangu alikimbia Rwanda zile vurugu za kwanza kabisa, mimi nikazaliwa Karagwe, nikakulia huko, nikaolewa huko na mwana wa wakimbizi kama mimi. Tulirudi mwaka wa tisini na tano. Kinyarwanda changu kiliwachekesha watu wa hapa, kwa hiyo sokoni nilisema Kiswahili, nao wakanijibu kwa Kiswahili chao cha upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka, na biashara ikaenda.

Sasa hiyo ya masufuria. Wakati wa vita watu walibebeana vitu. Huyu alikimbia, yule akaingia kwake akachukua kitanda. Yule naye akakimbia, mwingine akang'oa mlango. Basi mtu akiokoka, Eliezer anamwambia: mdomo umeuleta kwa Bwana, na mikono yako iko wapi? Kesho yake mtu anakuja barazani kwetu na sufuria, na mabati, na kichwa cha cherehani. Eliezer anafunga kitambaa juu ya kila kitu, anaandika kilitoka mtaa gani. Jumamosi wenye vitu wanakuja kutazama. Mtu anakiona kiti chake, anakikalia palepale barazani, analia. Nimeona mzee mzima amekumbatia beseni. Siku hizo nilikuwa namtazama mume wangu nikijisemea, Joanita, umeolewa.

Mtu mmoja tu hakuvutwa na mambo yetu, naye ni Kadiri, Mwislamu, fundi nguo aliyekaa cherehani kwa cherehani na Eliezer sokoni. Walipendana sana wale wawili, na kila mmoja alimwombea mwenzake abadili dini. Siku moja nimewapelekea chakula, Kadiri akaniambia kwa upole, mikono bado iko kwenye kitambaa: "Mama Umutesi, mnarudisha masufuria. Mungu awalipe. Na nyumba je?"

Eliezer ndiye aliyejibu, wala hakusita. Alisema nyumba tunayokaa si yetu na tunalijua hilo, ofisi ya serikali ilitupa tu karatasi ya kukaa mpaka mwenyewe atakapokuja. Akija leo, leo hii tunatoka. Kadiri akasema, haya. Mimi niliweka bakuli chini nikaondoka, nimekasirika kweli, maana namjua mume wangu. Huwa hasemi kitu asichokimaanisha.

Ile nyumba ya Nengo, mwenzangu, ilikuwa ya matofali, vyumba vitatu, na uwanja nyuma. Mtu aliyelala maisha yake yote chini ya nyasi za ugenini ndiye anayeelewa. Mama yangu alikaa Karagwe zaidi ya miaka thelathini, na kila wenye nchi walipokasirika tuliambiwa tufungashe. Alipokaribia kufa, mwaka wa tisini na saba, aliniita akanishika mkono akasema, "Nizike mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia toka." Nikamzika uwanjani nyuma, karibu na mti wa parachichi. Kwa hiyo mtu aliponiuliza habari ya nyumba, mimi nilisikia habari ya kaburi.

Mukamana alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Mwanamke wa umri wangu, mwembamba, ana kitenge kilichopauka, anauza samaki Nyamyumba kwa kaka yake. Alisalimia vizuri, akatazama vitu barazani, hakugusa chochote. Akakaa kwenye ngazi. Baadaye akaomba maji ya kunywa, nami nina unga mikononi, nikamwambia pita nyuma, jikoni, utakuta mtungi.

Ule mlango wa jikoni una kasoro. Uliwekwa vibaya, unakwama chini. Ukiuvuta haufunguki, ukiusukuma ndiyo unazidi kukaza. Lazima uunyanyue kwa ncha ya mguu huku unavuta kitasa, ndipo unakubali. Sisi wenyewe tulipigana nao mwezi mzima, na mgeni yeyote ilibidi aite.

Mukamana hakuita. Nilikuwa dirishani, nilimwona kwa macho yangu haya. Alifika mlangoni anatazama pembeni, kwenye mti wa parachichi, mguu wake ukanyanyua mlango, mkono ukavuta, akaingia. Mguu wenyewe ulijua. Aliponyanyua kichwa kutoka mtungini tukatazamana. Akasuuza kikombe, akakirudisha, akaniambia asante mama.

Usiku ule sikulala. Mume wangu anakoroma, mimi nahesabu mabati ya paa. Nilikuwa nimekwishajua, na njia ya kutojua sikuiona tena.

Jumamosi iliyofuata akaja tena. Na ile ya tatu. Eliezer alimpenda, alisema huyu mama ana kiu ya neno, hebu mwone anavyokaa kimya anasikiliza. Nikasema ndani ya moyo wangu, kiu ya neno! Alikuwa anakaa kwenye ngazi saa nzima, watu wanachukua vitu vyao wanakwenda, halafu anapita nyuma. Mara ya tatu nilimfuata. Nikamkuta amepiga magoti kwenye kaburi la mama yangu, anang'oa magugu. Taratibu, moja moja, anayakung'uta udongo na kuyaweka pembeni, kama mtu anavyofanya kwenye shamba lake. Wala hakushtuka.

Mwenye moyo safi angeona wema pale. Mimi niliona mtu anatia alama kwenye mali. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamwambia asichoke bure, hilo kaburi lina mwenyewe. Akainuka, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaniambia pole. Nani anampa nani pole? Nilibaki nimesimama pale kama kigingi, na hasira nilikosa pa kuipeleka.

Niliipeleka sokoni. Hapa ndipo ningependa kusema shetani alinipitia, kama wanavyosema watu kanisani, lakini nisimsingizie shetani wa watu. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Kulikuwa na Claudette, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mwanamke mwenye mdomo usiokuwa na kifuniko. Nikanunua sambaza nisizozihitaji. Anapozifunga, nikamuuliza, hivi yule Mukamana wa Nyamyumba, anayeuza samaki kwa kaka yake, mume wake wakati wa vita alikuwa anafanya nini?

Basi. Sikusema zaidi ya hapo. Sikumshtaki mtu, sikusema uongo hata kidogo, niliuliza tu. Lakini kila aliyekuwa Rwanda miaka ile anajua swali hilo ni swali gani: linauliza aliua nani. Ukiliuliza juu ya mtu, anayekusikia hatafuti jibu. Anajiambia huyu ana kitu anachokijua. Claudette akanitazama, akaniongezea sambaza konzi nzima bila kuombwa. Nilipofika nyumbani zilikuwa zimeanza kunuka, nikampa paka.

Jumamosi iliyofuata Mukamana hakuja. Wala ile ya pili yake. Mimi nilianza kulala usingizi, Mungu anisamehe, na kula nikawa nakula. Lakini Eliezer akawa hana raha. Kila jioni anauliza, yule mama wa Nyamyumba amekuwaje? Nikamwambia, Baba Umutesi, yule ni Mkatoliki wa kubatizwa, ana padri wake, mwache. Nikasema njia ya Nyamyumba ina matope. Nikasema goti linaniuma. Akasema kondoo mmoja akipotea watu hawaulizi habari ya matope, na Jumapili tukaondoka wote watatu, Umutesi mbele na Biblia kifuani, mimi nyuma na goti langu la uongo.

Tulimkuta nje ya kibanda chake, kilichoezekwa kwa lile turubai la plastiki walilokuwa wakipewa wakimbizi, nyuma ya nyumba ya kaka yake Bizimana. Alikuwa anafunga mzigo. Sufuria mbili, blanketi, mkeka, vyote ndani ya kitenge, na fundo lenyewe amelikanyaga kwa goti alikaze. Alipotuona hakuacha kufunga. Alituambia karibuni, akamwambia Umutesi kaa mwanangu, akamsogezea kigoda pekee kilichokuwepo.

Eliezer akauliza safari ya wapi. Akajibu anavuka ng'ambo kesho asubuhi, Goma. Eliezer akashtuka, akamwambia mama, Goma kuna vita, watu wanatoka huko wewe ndiyo unaingia? Mukamana akasema, "Huku batu banauliza juu ya bwana yangu. Nyumbakumi amekuya mara mbili. Mi najua ile maswali inaishaka wapi. Bora niende tu."

Hakunitazama aliposema hivyo.

Basi mume wangu akafanya kile anachokijua. Akamwambia Umutesi asome, mtoto akasoma vizuri, sauti yake haikutetemeka. Akahubiri mahubiri yake mamoja. Alihubiri kwa uchungu siku ile, alisema hakuna aliyepotea mpaka Bwana ashindwe kuliita jina lake, alisema yeye mwenyewe atakwenda kumwona yule nyumbakumi, mjumbe wa mtaa, na kwamba mtu asiye na kosa asikimbie. Mukamana alisikiliza, mikono juu ya fundo. Kisha Eliezer akauliza swali ambalo hata leo nalisikia nikiwa naosha vyombo. Akamuuliza, kwa upole kabisa, Jumamosi zile zote alizokuwa anakuja barazani alikuwa anatafuta kitu gani, maana hakuwahi kuchukua chochote. Kama hakukiona, aseme, tukitafute.

Mukamana akanyanyua uso. Akanielekezea kidevu.

"Muulize mama," akasema. "Yeye anajua."

Wote wakanigeukia. Mume wangu, uso umejaa matumaini, kama mtu aliyesikia kumbe jibu liko nyumbani. Binti yangu, kidole bado kiko kwenye mstari aliousoma. Na yule mwanamke, ametulia kabisa, ananingoja. Hakuwa na chuki usoni. Angekuwa na chuki ningeweza. Ilitosha niseme maneno mawili, nyumba yake, basi, na mzigo ule ungefunguliwa palepale. Nikamwona mama yangu amenishika mkono. Nikaona chumba cha kupanga, na mimi na umri huu naambiwa tena fungasha.

"Sufuria," nikasema. "Alikuwa anatafuta sufuria yake."

Bata wa Bizimana walikuwa wanapita. Mukamana aliendelea kunitazama, halafu akaitikia kwa kichwa taratibu, ungesema ndiye anayenisaidia.

"Ndiyo," akasema. "Sufuria. Iko ya zamani, muache tu."

Eliezer akafurahi, masikini. Akasema sufuria si kitu, itapatikana, asiende popote mpaka ameletewa sufuria yake. Akaniambia niimbe wimbo wa kufunga. Nami nikaimba. Nakwambia ukweli, niliimba beti zote nne, na sauti haikukwama hata mara moja. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo kuliko uongo wenyewe.

Wiki nzima Eliezer alitafuta sufuria. Aliuliza Nengo yote. Alipekua vitu barazani, akasoma vitambaa vyote. Ilipofika Jumamosi bila kuipata aliingia jikoni, akachukua sufuria yetu kubwa, ile tuliyotoka nayo Karagwe, ile ya sikukuu, akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa. Akasema tutampa hii, nasi tutapata nyingine. Nilimwangalia anavyoisugua. Hata pale ningeweza kusema. Nikamwambia mfuniko wake uko juu ya kabati.

Alirudi jioni kutoka Nyamyumba, sufuria iko kichwani, amelowa. Aliiweka mezani, akavuta kiti, akakaa. Umutesi alikuwa anafanya hesabu za shule, akaziacha.

Alisema Mukamana alivuka Jumatatu ileile asubuhi. Bizimana ndiye aliyemsimulia. Mume wa Mukamana alikuwa mwashi, alikufa kwa kipindupindu kambini Goma walipokimbia vita, wiki ya pili tu baada ya kuvuka. Hakuna aliyewahi kumsema vibaya mpaka mwezi huu, aliposikika mtu sokoni anauliza. Nyumba ya Nengo aliijenga kwa mikono yake. Milango yote aliweka fundi, isipokuwa wa jikoni aliouweka mwenyewe kwa ubishi, akaukosea, na mkewe akamcheka mpaka machozi yakamtoka. Walipendana. Na alipoulizwa na kaka yake kwa nini asiende kuidai nyumba ofisini, Mukamana alijibu kwamba pale nyumbani kwake wanaishi watu wa Mungu, kila mtu anapeleka kwao alichochukua, wao nao watarudisha.

"Alisema, mi nangojea tu zamu yabo," Eliezer akasema. Aliyasema kwa Kiswahili cha Mukamana, kama alivyoyapokea.

Akaitazama ile sufuria muda mrefu.

"Kumbe sufuria yenyewe tumelala ndani yake," akasema.

Halafu akaniuliza swali moja tu, nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu mlango. Na kwa kuwa mficha uchi hazai, nikayatoa yote, na Claudette, na sambaza, na swali. Nililia, ndiyo, lakini machozi yangu hayakumvusha mtu kumrudisha upande huu. Eliezer hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza. Umutesi ndiye aliyesema, akiwa anakusanya madaftari yake: "Mama, mimi nilimsomea."

Asubuhi niliamkia Nyamyumba, kwa yule nyumbakumi. Nikamwambia swali lile lilikuwa langu, halina kitu ndani, alifute. Alinisikiliza vizuri, mzee wa watu, akanikaribisha hata chai. Kisha akasema, mama, swali lako halikuandikwa popote, sasa nilifute wapi?

Kanisani nilisimama Jumapili nikasema mbele ya watu. Wengine walilia nami. Wengine, tuliotoka nao Karagwe, waliningoja nje wana nyuso za mawe, wakaniambia umetuvua nguo, sasa sisi sote tutoke kwenye nyumba tulizopewa, twende wapi? Baada ya siku ile watu walipunguza kuleta vitu barazani kwetu. Nyani haoni kundule, lakini wenzake humwonyesha.

Tulihama wiki hiyohiyo. Kadiri alitupa chumba uani kwake, wala hakusema lile ambalo kila mtu angesema. Alisema tu choo kiko upande ule. Karatasi ya nyumba Eliezer aliirudisha ofisini, akaeleza mwenye nyumba ni nani, akaomba apewe ufunguo autunze mpaka mwenyewe arudi. Walimshangaa, lakini walimwachia. Vitu vyetu vilitoka vyote siku moja. Mama yangu ndiye hakutoka. Amebaki pale, chini ya parachichi, na mimi binti yake ndiye niliyemzika kwenye uwanja wa mtu, baada ya kuniambia alivyoniambia.

Jumapili bado tunatoka, watatu. Tunavuka mpaka asubuhi na wanawake wa maboga na viazi, tunaingia Goma, tunauliza sokoni, tunauliza makanisani, tunauliza wanaouza samaki. Eliezer hahubiri huko, anauliza tu. Umutesi hubeba Biblia lakini sijamwona akiifungua njiani. Mimi siimbi. Mara moja tuliambiwa kuna Mukamana anauza mkaa, tukakimbia, akawa mwingine. Mara nyingine mwanamke fulani alituambia kwamba wengi walichukua njia ya ndani, ya msituni, na waliochukua njia hiyo hakuna wa kuulizwa habari zao. Eliezer alimshukuru. Jumapili iliyofuata tukavuka tena.

Jumamosi nakwenda Nengo peke yangu. Nafagia vyumba, nafungua madirisha, napalilia kaburi la mama. Nang'oa magugu moja moja na kuyakung'uta udongo. Mwezi uliopita Eliezer alikuja na seremala amwonyeshe ule mlango wa jikoni, ili mwenyewe akirudi aikute nyumba katika hali nzuri. Seremala alitazama bawaba akasema ni kazi ya nusu saa. Nilisimama mlangoni nikamkatalia, kwa hasira kabisa, mpaka akakusanya vyombo vyake.

Wewe una safari zako za Goma. Ukimwona mwanamke mwembamba, anauza samaki, ana kitenge kilichopauka, usimhubirie. Mwambie nyumba iko tupu, imefagiwa. Mwambie Joanita ndiye aliyeuliza sokoni, ingawa nadhani anajua. Na mlango wa jikoni haujaguswa. Bado unanyanyuliwa kwa mguu.